Ulimwengu wa Pili Usiofuta Msiba: Usuli wa Kisa katika Mchezo wa Kidijitali *Tales of Kenzera: ZAU* Ukisomwa kutoka Elerai

Ikisiri

Malimwengu sambamba ni mbinu iliyozoeleka katika michezo ya kidijitali ya kifantasia: kinachopotea katika ulimwengu mmoja huweza kupatikana katika mwingine. Makala hii inachunguza namna mbinu hiyo inavyogeuzwa katika *Tales of Kenzera: ZAU* (2024), mchezo ulioongozwa na Abubakar Salim na unaoweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Mchezo unasomwa kutoka Elerai, jijini Arusha, pamoja na hadithi za Le-eyo na Mrile na baadhi ya matini andishi za Kiswahili. Makala inadai kwamba ulimwengu wa pili katika mchezo huu haukuwekwa ili kufuta msiba wa ulimwengu wa kwanza, bali ili msiba huo upate kusemeka. Inaonyesha pia kuwa dai hilo linakinzana na kanuni za uchezaji zenyewe, na kwamba ukinzani huo ndio unaoupa mchezo uzito wa kifasihi. Mwisho, makala inajadili udhaifu wa mchezo katika kuchanganya visasili vya jamii mbalimbali, na nafasi ya sauti za Kiswahili katika kuuhusisha na fasihi ya lugha hii.

1. Utangulizi

Elerai ni kata mojawapo ya Jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru. Jina lake ni la Kimaa na linahusishwa na *olerai*, mgunga wenye gome la manjano unaopenda maeneo yenye maji. Kama ilivyo katika sehemu nyingine za jiji hilo, Kiswahili hapa ni lugha ya soko, shule na mtaa, lakini nyuma yake zimo lugha nyingine: Kimaa cha Waarusha, Kimeru, Kichaga na nyinginezo. Ikumbukwe kuwa Kimeru cha Arusha ni ndugu wa karibu wa Kichaga, na si lugha moja na Kimeru cha Kenya. Kwa hiyo miteremko ya Meru ni mahali ambapo hazina mbili za fasihi simulizi zinapakana: ile ya Kimaa na ile ya jamii za Kibantu za Meru na Kilimanjaro.

Kijana anayekulia katika mazingira hayo hukutana pia na aina nyingine ya usimulizi. Vibanda vya gemu vimeenea katika miji ya Tanzania, na ingawa michezo ya kandanda ndiyo hutawala humo, michezo ya visa vya kifantasia nayo inafahamika. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili bado haujauzoea utanzu huu. Riwaya, tamthilia, ushairi, hadithi fupi, ngano, na hata filamu na nyimbo za muziki wa kizazi kipya zimepata wahakiki wake. Mchezo wa kidijitali, ambao una wahusika, mandhari, msuko na msimulizi, kwa kawaida huachwa nje ya mjadala kana kwamba ni suala la mafundi wa kompyuta peke yao.

Makala hii inauchukulia usuli wa kisa katika mchezo kuwa matini ya kifasihi. Kwa istilahi hiyo panamaanishwa jumla ya matukio, nasaba, ahadi na hasara zilizotokea kabla mchezaji hajaanza kucheza, ambazo ndizo zinazoupa mchezo sababu ya kuwapo. Katika michezo mingi usuli huu ni pambo tu: mchezaji huupita haraka ili afike vitani. Katika *Tales of Kenzera: ZAU*, kinyume chake, usuli ndio kisa chenyewe.

2. Amani na Kenzera: malimwengu mawili, kifo kimoja

Mchezo huu ulitolewa tarehe 23 Aprili 2024. Ulitengenezwa na Surgent Studios na kuchapishwa chini ya nembo ya EA Originals. Mwongozaji wake, Abubakar Salim, ni mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye awali alijulikana kwa kuigiza sauti ya Bayek katika *Assassin's Creed Origins* (2017). Salim amekwisha kueleza hadharani kuwa chanzo cha kazi hii ni kifo cha baba yake na majonzi yaliyofuata.

Kisa kimejengwa kwa muundo wa hadithi ndani ya hadithi. Katika ngazi ya nje yumo Zuberi, kijana anayeishi katika jiji la wakati ujao liitwalo Amani, ambaye amefiwa na baba yake. Baba huyo amemwachia hadithi aliyoiandika. Zuberi anapoisoma, tunaingia katika ngazi ya ndani: nchi ya Kenzera, ambako kijana mwingine, Zau, mganga anayechipukia, naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kufunga naye mapatano: atamkabidhi roho kuu tatu zilizokaidi, naye Kalunga atamrudishia babaye. Silaha zake ni vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, ambavyo ni urithi kutoka kwa baba huyo.

Kwa mtazamo wa juujuu, huu ni mfano wa kawaida wa malimwengu sambamba. Dhana hiyo imeingia katika sanaa za umma kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kisayansi: mwaka 1957 mwanafizikia Hugh Everett alipendekeza ufafanuzi wa fizikia ya kwanta uliokuja kujulikana kama nadharia ya malimwengu mengi, ambapo kila tokeo linalowezekana hutokea katika tawi lake. Ya pili ni ya kifasihi: wananadharia kama Thomas Pavel, Marie-Laure Ryan na Lubomír Doležel wameieleza kazi ya kubuni kuwa ni ulimwengu unaowezekana, wenye sheria zake zisizolazimika kufanana na za ulimwengu halisi.

Michezo ya kifantasia imeipenda zaidi njia ya kwanza. Mfano unaojulikana ni *Chrono Cross* (1999) wa kampuni ya Square nchini Japani. Mhusika wake mkuu, Serge, anajikuta katika ulimwengu mwingine ambako yeye mwenyewe alikwisha kufa maji akiwa mtoto. Yaani kifo kilichotokea huku hakikutokea kule, na hai wa huku ni marehemu wa kule. Faraja iliyofichika katika muundo huo ni kwamba hakuna kinachopotea kabisa. Kila aliyekufa yu hai mahali fulani, na tatizo ni kupata mlango tu.

Kenzera haina faraja hiyo. Jambo la kwanza la kuzingatia katika usuli wake ni kwamba baba amekufa katika malimwengu yote mawili. Anayevuka kutoka Amani kwenda Kenzera hamkuti mzazi aliyemzika. Anamkuta yatima mwenzake. Ulimwengu wa pili hauleti tokeo tofauti, unarudia tokeo lile lile kwa lugha nyingine: kile ambacho Amani ni ukimya wa kijana aliyefiwa, Kenzera ni mungu anayeweza kukabiliwa, roho zinazoweza kupiganwa na ahadi inayoweza kudaiwa. Kwa hiyo swali la kihakiki si iwapo mchezo huu una malimwengu sambamba, bali malimwengu hayo yana kazi gani iwapo hayafuti kifo. Hadithi zinazosimuliwa kuzunguka Meru na Kilimanjaro zinalijibu swali hilo vizuri zaidi kuliko fizikia ya kwanta.

3. Kauli ya Le-eyo na kigoda cha Mrile

Katika mkusanyo wa A. C. Hollis kuhusu lugha na fasihi simulizi ya Wamaasai uliochapishwa mwaka 1905, imo hadithi ya chanzo cha kifo. Le-eyo aliagizwa na Naiteru-kop kuwa mtoto akifa, atamke maneno ya kuamuru mtu afe na kurudi, na mwezi ufe na kupotea. Siku chache baadaye mtoto alikufa, lakini hakuwa wa Le-eyo. Kwa kuwa msiba haukuwa wake, akayageuza maneno: mtu afe apotee, mwezi ufe urudi. Baadaye alipofiwa na mtoto wake mwenyewe, akatamka maneno sahihi. Akaambiwa amechelewa, kauli ya kwanza ilikwisha kushika. Tangu hapo mwezi hufa na kuandama tena, na mtu akienda hukaa huko huko.

Hadithi hii ni kinyume kamili cha malimwengu mengi. Nayo ina njia mbili zinazowezekana: dunia ambamo wafu hurudi na dunia ambamo hawarudi. Ila njia hizo haziendelei bega kwa bega. Kauli moja inapotamkwa, ile nyingine hufungwa, wala hakuna mlango wa kuiendea. Lawama kwa kifo haimwendei mungu wala jini, inamwendea mtu aliyeshindwa kumhesabu mtoto wa mwenzake kuwa mtoto wake. Usuli wa mauti, kwa Le-eyo, ni kasoro ya ujirani.

Tukiusoma mchezo kwa jicho hili, mapatano ya Zau na Kalunga yanapata maana ya ziada. Zau anaomba kile alichokiomba Le-eyo mara ya pili: kauli ibatilishwe kwa sababu sasa msiba ni wake. Kinyago cha mwezi anachokivaa kinakuwa na kejeli ambayo huenda watunzi hawakuikusudia. Kwa msikilizaji wa hadithi za Kimaa, mwezi ndio ulioichukua nafasi ya mwanadamu ya kufa na kurudi. Anayeuvaa ili amrudishe mfu anavaa alama ya kile kilichopotea.

Hadithi ya pili inatoka upande wa Kilimanjaro. Alice Werner aliiingiza katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu cha mwaka 1933, nayo inamhusu kijana wa Kichaga aitwaye Mrile. Mrile alikwenda na mama yake kuchimba viazi vya aina ya magimbi, akakiona kiazi kimoja kizuri kama mdogo wake. Akakificha katika pango la mti, kikageuka mtoto, naye akawa anamlisha kwa siri kutoka katika chakula chake mwenyewe. Mama alipomgundua, akamuua mtoto yule. Mrile alilia asinyamaze. Akaketi juu ya kigoda cha baba yake uani, akaimba, na kigoda kikapaa naye hadi mbinguni. Huko alifika kwa mfalme wa mwezi, ambaye watu wake walikula vyakula vibichi kwa kutoujua moto. Aliwafundisha kuuwasha, wakamtajirisha kwa mifugo. Aliporejea duniani, dume la ng'ombe lilimbeba kwa sharti kwamba asile kamwe nyama yake. Wazazi walilichinja baadaye. Mrile akala bila kujua chakula kilichotiwa mafuta yake, akadidimia ardhini.

Ulinganifu na Kenzera ni mkubwa kuliko unavyotarajiwa. Kinachomvusha Mrile kwenda ulimwengu wa pili si udadisi wala vita, ni kilio cha aliyefiwa. Chombo cha kuvukia ni kitu cha baba: huku kigoda, kule hadithi iliyoandikwa na vinyago vilivyorithiwa. Kuvuka kunatawaliwa na ahadi, na ahadi ikivunjwa, hata bila kukusudia, adhabu hufuata. Muhimu zaidi ni kwamba Mrile hampati mtoto wake mbinguni. Anachokipata ni kazi ya kufanya, watu wa kuwafaa kwa moto, na mali ya kurudi nayo. Kilichouawa kinabaki kimeuawa. Ulimwengu wa pili unampa aliyefiwa mahali pa kwenda na huzuni yake. Haumpi tena alichonyang'anywa.

Kwa hiyo mtu wa Elerai, ambaye upande mmoja wa mtaa unamwelekeza kwa Le-eyo na mwingine kwa Mrile, anakutana na usuli wa Kenzera akiwa tayari na kanuni zake mbili: kauli ya mauti haitanguliwi, na kuvuka mipaka ya malimwengu ni jambo la aliyefiwa. Hii haina maana kuwa watunzi waliziazima hadithi hizi mbili. Hakuna ushahidi katika mchezo wa kuthibitisha hilo, wala hoja ya makala haiuhitaji. Inatosha kuona kuwa umbo la kisa linatoka katika familia moja ya kifikra.

4. Walio hai na wafu katika matini andishi

Fasihi andishi ya Kiswahili nayo haikuanza jana kuvuka mipaka ya malimwengu. Katika *Kusadikika* (1951), Shaaban Robert alibuni nchi iliyo angani, na ndani yake akamweka Karama anayejitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakiwamo waliopelekwa mbinguni na ardhini. Safari hizo hazisimuliwi kwa starehe. Karama yu mashtakani, na simulizi ndiyo utetezi wake. Ulimwengu mwingine unaletwa kwa njia ya usimulizi, na usimulizi huo una roho ya mtu mkononi.

Farouk Topan, katika tamthilia *Aliyeonja Pepo* (1973), alimpeleka mtu peponi kwa kosa la kiutaratibu, akautumia mkasa huo kuhoji mazoea ya kidini na ya kijamii. Euphrase Kezilahabi, katika *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), aliondoa kabisa uhakika wa mahali na wakati, akamwacha msomaji katika safari isiyo na ramani. Naye Said Ahmed Mohamed, katika *Babu Alipofufuka* (2001), alimrudisha mfu: babu anamtokea mjukuu wake, K, na kumlazimisha kuyaona maovu ya tabaka lake. Hapo mfu harudi ili aliye hai afarijike. Anarudi kumdai hesabu.

Matini hizi zinaunda kipimo ambacho kwacho Kenzera yaweza kupimwa. Katika *Babu Alipofufuka* na *Kusadikika*, ulimwengu wa pili ni hoja dhidi ya mpangilio wa kijamii wa ulimwengu wa kwanza. Katika mchezo, uhusiano huo ni dhaifu. Amani, jiji la Zuberi, linaonekana kwa muda mfupi tu, na hatujui kwa undani watu wake wanaishije, nani anatawala, au iwapo huzuni ya Zuberi ina sura yoyote ya kijamii. Msiba umefungiwa ndani ya nafsi. Le-eyo angeuliza: na mtoto wa jirani je? Kwa kiasi fulani Zau hulijibu swali hilo anapokutana na watu wa Kenzera wenye hofu na hasara zao, lakini jibu hilo halipandi tena hadi Amani. Daraja kati ya ngazi mbili za kisa limejengwa kwa upande wa huzuni peke yake, na kwa upande wa ujirani limebaki na pengo.

Hata hivyo mchezo unafaulu katika jambo moja ambalo riwaya haiwezi kulifanya kwa namna ile ile. Baba wa Zuberi aliiandika hadithi ya Zau akijua kwamba mwanawe ataisoma atakapokuwa yeye hayupo. Mchezaji anayemwendesha Zau anatenda kile ambacho Zuberi anasoma. Hivyo mchezaji huwa msomaji na mtendaji kwa pamoja, na urithi wa baba haubaki maneno ya kusikilizwa. Unakuwa njia ya kupitwa kwa mikono yake mwenyewe. Espen Aarseth aliwahi kutoa hoja, katika kazi yake ya mwaka 1997 kuhusu matini za kidijitali, kuwa matini za aina hii hudai kazi halisi kutoka kwa msomaji. Hapa kazi hiyo ni ya matanga.

5. Afaye na kurudi: kanuni dhidi ya kisa

Ukinzani mkubwa wa mchezo huu unapatikana mahali ambapo wahakiki wa fasihi hawana mazoea ya kutazama: katika kanuni zake za uchezaji. Kama michezo mingi ya mapigano na kurukaruka, *Tales of Kenzera: ZAU* humrudisha mhusika kila anapouawa. Zau huanguka shimoni au hushindwa na adui, na punde husimama tena karibu na pale alipoangukia. Katika kipindi cha saa chache za mchezo anaweza kufa mara nyingi, na hakuna anayemlilia.

Kwa maneno mengine, kisa kinafundisha kuwa wafu hawarudi, ilhali kila dakika kanuni zinamfundisha mchezaji kuwa hurudi. Anayetamka kauli ya Le-eyo ni kisa. Anayetamka ile iliyopotea ni mashine. Baba amekufa mara moja na hawezi kurejeshwa hata kwa mapatano na mungu. Mwana hufa mara hamsini na kurejeshwa bila kuomba.

Mhakiki anaweza kuliona hili kuwa kosa la kisanaa, kwamba umbo limeisaliti maana. Usomaji huo una nguvu, lakini unaacha jambo. Tofauti kati ya kifo cha baba na vifo vya Zau ndiyo inayomfanya mchezaji aihisi kauli hiyo badala ya kuambiwa tu. Amezoea kubonyeza kitufe na kuanza upya, na ghafla anakabiliwa na kifo kimoja ambacho hakina kitufe. Uhodari wake wote, roho zote alizozikamata, haumletei alichoahidiwa kwa namna aliyoitarajia. Kisa kinaelekea kwenye kukubali, si kwenye kurudishiwa. Mchezo ungetumia umbo la *Chrono Cross*, ukamweka baba hai katika tawi jingine la wakati, kanuni na kisa vingepatana, na msiba ungeyeyuka. Kwa kutopatana huko, msiba unabaki.

6. Viumbe vya kuazima na neno "Baba"

Pamoja na ufanisi huo, ipo haja ya kuuhoji mchezo kuhusu vyanzo vyake. Umetangazwa kuwa umechota katika visasili vya Kibantu. Majina ya roho kuu tatu yanaonyesha picha pana na yenye utata zaidi. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Wazulu na Waxhosa, na hapo sifa ya Kibantu inafaa. Lakini GaGorib ni jitu la masimulizi ya Wakhoikhoi, ambao lugha yao si ya Kibantu, na Kikiyaon ni kiumbe wa masimulizi ya Afrika Magharibi. Kalunga naye, katika fikra za Wakongo na Wambundu wa Angola, huhusishwa na bahari, mauti na mpaka wa walio hai na wafu.

Kuchanganya si dhambi katika sanaa. Utendi na ngano za Waswahili zenyewe zimechanganya ya Bara na ya Bahari kwa karne nyingi. Tatizo ni pale mchanganyiko unapoondoa kiumbe katika kisa kilichompa maana. GaGorib ni mfano mzuri. Katika masimulizi ya Wakhoikhoi, jitu hilo hukaa ukingoni mwa shimo likiwachokoza wapitao walirushie mawe, na mawe hugeuka kuwaua warushaji, hadi linaposhindwa na Heitsi-eibib. Shujaa huyo anajulikana hasa kwa kufa na kufufuka mara nyingi, na makaburi yake ya mawe huonyeshwa mahali pengi. Mchezo kuhusu kijana anayetaka kumrudisha mfu, ambamo mhusika mkuu hufa na kurudi mfululizo, umemchukua adui wa Heitsi-eibib na kuipa nafasi ya Heitsi-eibib mhusika mwingine. Kama usuli wa kisa ungeifuata hadithi hadi mwisho, ule ukinzani uliojadiliwa katika sehemu ya tano ungepata msemaji ndani ya kisa chenyewe: mtu afufukaye daima akikabiliana na mtu asiyeweza kumfufua baba yake.

Suala la pili ni lugha. Je, mchezo ulioandikwa kwa Kiingereza na kuingizwa sauti za Kiswahili ni sehemu ya fasihi ya Kiswahili? Mjadala wa iwapo fasihi hii ipimwe kwa lugha au kwa utamaduni ni wa miongo mingi, na makala hii haikusudii kuufunga. Inatosha kutazama neno moja. Katika toleo la Kiingereza, mzazi wa Zau huitwa Baba. Kwa msikilizaji wa London au Chicago, hilo ni jina la pekee lenye ladha ya Afrika. Linamtenga mhusika na kumpa asili. Katika sauti za Kiswahili neno hilo linarudi katika kazi yake ya kila siku. Baba si mtu fulani wa Kenzera tena. Ni baba wa Zau, ni baba wa Zuberi, na kwa desturi za heshima za Waswahili na majirani zao ni mwanamume yeyote wa rika la mzazi. Mpaka wa kisarufi kati ya malimwengu mawili unafutika: neno lile lile linatumika Amani na Kenzera, na anayelisikia hawezi kuepuka kumkumbuka wa kwake.

Kwa hiyo sauti za Kiswahili si tafsiri inayofuata nyuma ya matini asilia. Zinakamilisha kile ambacho muundo wa hadithi ndani ya hadithi ulikianza. Ndizo pia zinazolijibu, kwa sehemu, pengo la ujirani lililotajwa awali: pale ambapo kisa kimemfungia Zuberi katika huzuni ya nafsi yake, istilahi ya ukoo inamtoa nje na kumweka miongoni mwa wana wengine waliofiwa.

7. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa usuli wa *Tales of Kenzera: ZAU* unatumia malimwengu mawili kinyume na mazoea ya michezo ya kifantasia. Badala ya kumhifadhi marehemu katika ulimwengu mwingine, unamwua katika yote mawili, kisha unamwachia yatima kazi ya kufanya. Hadithi ya Le-eyo imeeleza kwa nini kazi hiyo haiwezi kuishia katika ufufuo, na hadithi ya Mrile imeeleza kwa nini hata hivyo inafaa kufanywa. Ukinzani kati ya kanuni za uchezaji na kisa umeonekana kuwa sehemu ya maana, na uazimaji wa viumbe bila visa vyao umeonekana kuwa udhaifu ambao utafiti wa makini zaidi wa masimulizi ungeweza kuurekebisha.

Kuna suala la kiutendaji ambalo uhakiki hauwezi kulipuuza. Mchezo huu unahitaji vifaa vya kisasa kama PlayStation 5, Xbox Series, Nintendo Switch au kompyuta yenye nguvu, na bei ya vifaa hivyo ni mzigo kwa kijana wa kawaida wa Elerai. Kazi inayosema Kiswahili imewekwa mahali ambapo wasemaji wengi wa Kiswahili hawafiki. Wakati huohuo, hadithi ambazo zingeweza kuzaa malimwengu mengine ya aina hii bado zinasimuliwa chini ya Meru, nyingi zikiwa hazijaandikwa, na wanaozijua ni wazee. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda kuzikusanya leo anaweza kuwa anaandika usuli wa kisa cha mchezo ambao haujatungwa. Mrile hakupanda mbinguni kwa kigoda alichokinunua. Alipanda kwa kile alichokikuta uani kwa baba yake.